Nyumba Hii Haiuzwi

Ukishuka kwenye gari pale njia panda ya Mwandiga, Kigoma, barabara moja ikienda Kasulu na nyingine ikipanda Kalinzi hadi Manyovu mpakani na Burundi, ukapita nyuma ya maduka na mafundi baiskeli, utaiona nyumba ya tofali za kuchoma yenye bati lililoanza kushika kutu. Ukutani imeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno hayo yako Tanzania nzima. Watu huyaandika kujikinga na matapeli, na zaidi kujikinga na ndugu wanaouza mali ya familia kwa siri. Mwenye nyumba hii aliyaandika mwaka aliohamia. Mwezi uliopita aliniita barazani, nikampa shikamoo, tukakaa. Akatoa bahasha ya kaki anamotunzia kadi za kliniki za wajukuu, na katikati ya kadi hizo ikatoka barua ya benki: notisi ya siku 60.

"Mwanangu, wewe unasomasoma," akasema. "Nikienda mahakamani nikajieleza kwamba nimefilisika, sina kitu, hii nyumba wataniachia?"

Swali hilo nimeulizwa zaidi ya mara moja, na wanaouliza si wajinga. Wamesikia redioni au kwa jamaa walioko ughaibuni kwamba kuna nchi mtu akitangazwa kufilisika madeni yake yanafutwa. Wanajiuliza kwa nini rehani ya nyumba isifutwe pamoja nayo. Nimejaribu kulifuata swali hili mpaka mwisho wake, katika sheria zetu na za wengine, na jibu nililolipata linauma: kufilisika humfungua mtu, hakuifungui nyumba. Aliyeweka nyumba rehani amejifunga kamba mbili. Moja iko shingoni mwake, nayo ni deni. Nyingine iko kwenye nguzo ya nyumba, nayo ni rehani. Mahakama ya ufilisi inaweza kuikata ile ya shingoni. Ile ya kwenye nguzo inabaki ilipo mpaka deni lilipwe au nyumba iuzwe.

Tuanze na maneno, maana hapa kwetu ndipo watu wengi wanapopotea. Mtaani tunasema fulani "amefilisiwa", maana yake benki au dalali kaja kabeba vitu. Katika sheria, kufilisika ni jambo lingine kabisa. Ni hali ambayo mtu hutangazwa na mahakama, kwa ombi lake mwenyewe au la wanaomdai, baada ya kuonekana kwamba hawezi kulipa madeni yake. Tangu hapo mali yake inatoka mikononi mwake na kwenda kwa msimamizi, ambaye huikusanya, huiuza na kuwagawia wanaodai kwa uwiano. Ofisi ya serikali yenye kazi hiyo ni RITA, ileile inayotoa vyeti vya kuzaliwa na vifo. Watu wengi hawajawahi kulisoma jina lake kwa utulivu: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Neno la katikati lipo pale miaka yote, lakini ni nadra kukuta mtu wa Kigoma aliyewahi kuingia ofisi hiyo kwa ajili ya neno hilo.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, ilitungwa enzi za Waingereza mwaka 1930, ikinakili kwa kiasi kikubwa sheria yao ya 1914. Waliotunga walikuwa wakiwafikiria wafanyabiashara wa mijini wenye vitabu vya hesabu. Hawakumfikiria mvuvi wa Kibirizi mwenye boti mbili na injini ya mkopo. Ombi hupelekwa Mahakama Kuu, nayo miaka ya karibuni imefungua kituo Kigoma. Kabla ya hapo mambo ya ngazi hiyo yalifuatwa Tabora. Na anayetangazwa muflisi haachiwi huru kwa kupita muda tu. Lazima arudi mahakamani kuomba aachiliwe, na jaji anaweza kukubali, kukataa, kuahirisha au kuweka masharti. Kabla hajaachiliwa hawezi kukopa kama mtu huru bila kumweleza anayemkopesha hali yake.

Sasa turudi kwenye nyumba. Sheria hiyohiyo inasema waziwazi kwamba amri ya mahakama inapotoka, wanaodai wote wanazuiwa kumfungulia mdaiwa mashauri au kukamata mali yake, isipokuwa mmoja: mwenye dhamana. Yeye anaendelea na haki yake juu ya kile alichowekewa kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenye duka la nyavu, jirani aliyekukopesha laki tatu, VICOBA, wote wanapanga foleni nje ya mlango wa msimamizi. Benki yenye rehani haipangi foleni. Ina mlango wake.

Na si kwa upendeleo. Mwenye rehani alipokupa fedha aliiangalia nyumba kuliko alivyokuangalia wewe, na riba aliyokutoza ilikuwa ndogo kuliko ya mkopeshaji asiye na dhamana kwa sababu hiyo. Ukifilisika ana njia kadhaa. Anaweza kuuza nyumba, akajilipa, na kinachozidi akakikabidhi kwa msimamizi. Anaweza kuikadiria thamani nyumba, akaihesabu kama malipo ya sehemu ya deni, na sehemu iliyobaki akaidai kama wadai wengine. Anaweza hata kuiachilia dhamana yote na kujiunga na foleni, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi nyumba ikiwa na thamani.

Hapo katikati ndipo kufilisika kunaposaidia kweli, na watu hawapajui. Chukua mfano wa mtu anayedaiwa milioni 24. Nyumba inapigwa mnada, inapatikana milioni 16. Nyumba imekwenda, lakini deni halijaisha. Bado milioni 8 zinamfuata popote atakapokwenda, pamoja na gharama za dalali. Hizo milioni 8 hazina tena nguzo ya kufungwa. Ni deni la shingoni tupu, na ni deni ambalo mahakama ya ufilisi inaweza kulimaliza, mtu akaja kuachiliwa siku moja. Kwa hiyo kwa aliyeweka nyumba rehani, kufilisika hakulindi paa. Kunamlinda asiendelee kulipia paa ambalo limeshakuwa la mtu mwingine.

Nilipomweleza mzee haya alikaa kimya, kisha akauliza jambo ambalo wengi hawaulizi: "Sasa mbona yule aliyeshindwa kesi ya deni la dagaa, korti ilizuia nyumba yake isiuzwe?"

Alikuwa na hoja, na hoja yake ndiyo moyo wa jambo lote. Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 48, ina orodha ya vitu ambavyo haviwezi kukamatwa kutekeleza hukumu ya deni: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, majembe ya mkulima. Ndani ya orodha hiyo imo nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea. Limo pia shamba la mtu ambaye maisha yake yote yanategemea shamba hilo. Kwa hiyo anayekudai kwa maneno, au kwa karatasi isiyo rehani, hata akishinda kesi, nyumba unayolala haigusi. Atatafuta boti, injini, ng'ombe, kiwanja kingine. Ni ulinzi mkubwa, na nasema bila kusita kwamba ni moja ya vifungu vya kibinadamu kabisa katika vitabu vyetu.

Lakini ulinzi huo unahusu utekelezaji wa hukumu. Mwenye rehani haendi kutafuta hukumu. Nguvu yake ya kuuza inatoka kwenye hati uliyosaini wewe mwenyewe na kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, na kifungu cha 48 hakipati nafasi ya kufungua mdomo. Tena kufilisika kwenyewe kunaweza kukiondoa kifungu hicho hata kwa asiye na rehani, kwa sababu mali inapokwenda kwa msimamizi, anachobakiziwa muflisi ni zana zake za kazi, nguo na matandiko, nyumba haimo. Mwenye nyumba isiyo na rehani anayekimbilia kutangazwa muflisi kwa hofu ya madeni madogomadogo anaweza kuwa anaifungua mwenyewe nyumba ambayo sheria nyingine ilikuwa imeshaifunga. Kabla ya hatua hiyo lazima akae na wakili.

Wakopeshaji wa mitaani wanakijua kifungu cha 48 kuliko wakopaji. Ndiyo maana wapo, hasa hawa tunaowaita kausha damu, ambao hawakuandikishi mkopo. Wanakuandikisha mauziano. Unapewa milioni mbili, unasaini mbele ya mashahidi kwamba umemuuzia fulani nyumba kwa milioni mbili, na kwa mdomo mnakubaliana kwamba ukirudisha na riba karatasi itachanwa. Ukichelewa, hakuna mkopo wala mkopaji, kuna muuzaji anayekataa kuhama. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, lakini karatasi ya mauziano haina riba ndani yake, basi ukomo huo utaubandika wapi?

Mtindo huu ni mkongwe kuliko Tanzania. Zanzibar ya karne ya 19, wenye mashamba ya mikarafuu waliokuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi walitumia bei ya hiyari: shamba linauzwa kwa sharti kwamba muuzaji ana hiyari ya kulikomboa, na wakati huohuo anaendelea kukaa humo akilipa kodi, ambayo kwa kweli ilikuwa riba iliyovaa kanzu. Fedha za namna hiyo ndizo zilizogharamia misafara iliyokuja mpaka Ujiji kufuata pembe; Tippu Tip mwenyewe aliendesha safari zake kwa mkopo wa Taria Topan. Kufikia miaka ya 1930 mashamba mengi ya Unguja na Pemba yalikuwa yamefungwa kwa rehani kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga amri za kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wakopeshaji, na mgogoro huo ukachangia mgomo wa karafuu wa 1937. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha serikali iliwahi kuona wazi kwamba deni likizidi, suala linakuwa la jamii nzima iliyokuwa ikimiliki ardhi ile.

Mikopo halisi ya nyumba, ile ya kununulia au kujengea na kulipa kwa miaka 15 au 20, ni michache sana nchini licha ya sheria ya 2008 ya mikopo ya nyumba na kuundwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 ili kuyapa mabenki fedha za muda mrefu. Nchi nzima ni elfu chache, na nyingi ziko Dar es Salaam. Hapa Mwandiga nyumba hujengwa tofali kwa tofali, msingi mwaka huu, bati mwaka kesho kutwa. Inaingia kwenye rehani baadaye, ikiwa imekwisha, haidaiwi chochote, kwa ajili ya mtaji: duka, mashine ya kukamua mawese, nyavu. Mzee wangu hakukopa kupata nyumba. Alikuwa nayo. Aliiweka dhamana apate injini na taa za kuvulia. Kisha mwaka 2024 Serikali, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na lengo hilo. Kila anayekumbuka ukubwa wa migebuka ya zamani anajua ziwa limechoka. Lakini ziwa lilipumzika miezi mitatu, marejesho ya benki hayakupumzika hata mwezi mmoja. Mzee alilipa Mei, akalipa nusu Juni kwa kuuza mbuzi, kuanzia Julai akawa nyuma, na hakuwahi kulifikia tena lile deni lililokuwa likikimbia mbele yake.

Viwanja vya Mwandiga vilivyopimwa vina hati, na hati ndiyo benki inayoitaka. Wenye ardhi ya kijiji, wenye hati ya hakimiliki ya kimila, husikia kwamba nayo inakubalika kuwa dhamana. Kisheria inawezekana, ila benki nyingi zinaisitasitia kwa sababu kuiuza kwa mtu wa nje ya kijiji kuna vikwazo vyake. Kuna wanaolalamika kwamba wananyimwa mkopo. Mimi, baada ya kuona ninayoyaona, huwa nawaambia wasiharakishe kulalamika.

Kati ya notisi na nyundo ya dalali kuna nafasi, na sheria imeijaza nafasi hiyo masharti ambayo mkopaji akiyajua yanamsaidia zaidi ya kufilisika kokote. Lazima mkopeshaji atoe notisi ya maandishi inayoeleza umeshindwa nini, unatakiwa kulipa kiasi gani, na kwamba una siku 60. Ukilipa ndani ya siku hizo, mambo yanarudi yalivyokuwa. Hata zikipita, bado unaweza kukomboa nyumba yako wakati wowote kabla haijauzwa. Kabla ya mnada wa ardhi lazima tangazo la wazi litolewe angalau siku 14. Na sheria ya wapiga mnada inasema kitu ambacho kilinisimamisha nilipokisoma: tangazo hilo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na litolewe pia kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Ndiyo sababu ya lile gari la matangazo linalozunguka na spika, likitaja jina la mtu na kitongoji chake, wanawe wakiwa shuleni wanasikia.

Nikamwomba mzee anionyeshe mkataba wa rehani. Kurasa kumi na kitu, zote kwa Kiingereza. Saini yake imetetemeka chini ya kila ukurasa. Siku anapoingia katika hatari mtu anaandikiwa lugha asiyoisoma, na siku anapouziwa nyumba sheria inahimiza aelezwe kwa lugha yake, kwa sauti, hata kama hajui kusoma. Tangu 2021 sheria za nchi hii zimetamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Sioni sababu hata moja ya hati ya rehani ya mvuvi wa Mwandiga kubaki Kiingereza. Kama kuna jambo moja ningepewa nafasi ya kulibadilisha katika suala hili lote, lingekuwa hilo, kabla hata ya kuigusa Sheria ya Kufilisika.

Kuhusu bei, mwenye rehani ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayowezekana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhania kwamba wajibu huo haukutimizwa, na mkopeshaji ndiye anayepaswa kujieleza. Hata hivyo, mnunuzi wa mnadani aliyenunua kwa nia njema analindwa sana, kwa hiyo mara nyingi anachopata aliyeuziwa ni madai ya fidia, nyumba hairudi. Na mnada wa kwetu una ugonjwa wake: majirani hawanunui. Nani atakwenda kuishi katika nyumba ya mtu anayezikana naye? Wanaobaki ni wanunuzi wa mbali, nao wanajua hakuna wa kushindana nao.

Kuna pia suala la mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa mmoja kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji achukue hatua za kujua kama mwombaji ana mke au mume. Anayedanganya kuhusu ndoa yake ametenda kosa la jinai. Mahakama zetu zimesikia mashauri ya waume waliodai ni wagane au waliokwenda benki na mwanamke mwingine kusaini kwa jina la mke. Rehani ya namna hiyo inaweza kubatilishwa, na hii ni moja ya njia chache ambazo ile kamba ya kwenye nguzo hukatika kweli. Lakini kwa mke aliyesaini mwenyewe, njia hiyo imefungwa. Mama wa nyumba hii alinieleza alivyosaini: "Nilikuwa nimesimama dirishani, beseni la mawese chini ya miguu, wakanionyesha pa kuweka kidole gumba, nikaweka." Hakuna aliyemlaghai. Hakuna pia aliyemketisha.

Ningeweza kuishia kwa mkopaji, lakini hapa Kigoma mwenye nyumba na mkopaji mara nyingi ni watu wawili. Kaka anakopa, mdogo mtu anatoa hati. Mjomba anaanzisha duka Mwanga, shangazi mjane anaweka rehani nyumba aliyoachiwa. Na hapo kufilisika kunageuka kuwa kisu kinachomkata asiyekishika. Mkopaji akitangazwa muflisi na hatimaye akaachiliwa, deni lake linamwachia yeye, halimwachii mdhamini. Kaka anatoka mahakamani mikono mitupu lakini huru, mdogo wake anaanza kupokea barua. Nimeona undugu wa miaka 50 ukifa kwa sababu hii, watu wakizikana kwa kupelekeana salamu tu. Anayeombwa hati na ndugu, swali la kwanza lisiwe kama ndugu huyo ni mwaminifu. Mwaminifu naye hufilisika.

Je, wenzetu wanafanyaje? Kenya walitupa sheria yao ya kikoloni mwaka 2015 na kuweka mpya, ambayo chini yake muflisi huachiliwa moja kwa moja baada ya miaka 3. Kwa mwenye madeni kati ya shilingi laki moja na milioni nne za Kenya asiye na mali kabisa, kuna njia fupi ya miezi 12. Ni hatua kubwa ya utu. Lakini kwa aliyeweka nyumba rehani, mwenye dhamana anabaki na dhamana yake palepale.

Marekani ndiko habari nyingi za "madeni kufutwa" zinakotoka. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, imewapeleka huko maelfu ya Wakongo, na wapo walionunua nyumba kwa mkopo na wanaozungumza na jamaa zao wa huku kila wiki. Huko kuna Sura ya 7 na Sura ya 13 za sheria ya ufilisi. Katika Sura ya 7 deni la mtu linafutwa ndani ya miezi michache, lakini rehani inapita katikati ya moto huo bila kuungua. Mahakama yao ya Juu ilishaamua hivyo mwaka 1886. Benki haiwezi tena kukudai wewe, ila inaweza kuichukua nyumba usipoendelea kulipa. Wengi hubaki ndani kwa kuendelea kulipa tu, kila mwezi, deni ambalo kisheria si lao tena. Sura ya 13 ni nzuri zaidi kwa mwenye nyumba: mnada unasimama, na malimbikizo yanalipwa kidogokidogo kwa miaka 3 hadi 5 huku marejesho ya kawaida yakiendelea. Lakini hata hapo, mwaka 1993 mahakama hiyohiyo ilikataa kupunguza rehani ya nyumba ya kuishi ilhali nyumba imeshuka thamani chini ya deni. Kwa hiyo jamaa wa Texas anayesema alifilisika na akabaki na nyumba anasema kweli. Alibaki nayo kwa sababu aliendelea kuilipia.

Kile kitu cha Sura ya 13, kupewa muda wa kulipa malimbikizo mnada ukiwa umesimama, ndicho kinachokosekana kwetu. Tunacho kwa hisani, hatunacho kwa haki. Benki ikitaka itapanga upya mkopo wako, isipotaka hakuna wa kuilazimisha, na mahakama haizuii mnada kwa sababu tu mkopaji ana shida. Watu wa Ujiji waliokulia msikitini watakukumbusha kwamba Kurani inaagiza mdaiwa aliyebanwa apewe nafasi mpaka apate wepesi. Nchi iliyoweza kulifunga ziwa miezi mitatu kwa amri ingeweza pia, kwa amri ileile, kusimamisha notisi za waliokopa kwa ajili ya ziwa hilo kwa miezi hiyohiyo. Hilo si kufuta deni. Ni kuhesabu muda kwa haki.

Mzee tulimaliza naye siku ya 41 ya notisi. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kufilisika hakutamsaidia, si sasa. Kiwanja chake ni kirefu, kinashuka hadi kwenye migazi bondeni, na nusu ya chini haina nyumba. Mwanawe aliyeko Uvinza alikwenda benki na barua, wakakubali kwa maandishi kwamba familia itafute mnunuzi yenyewe wa sehemu hiyo, ikatwe kwenye hati kwa taratibu za mpima ardhi wa wilaya, na fedha ziingie moja kwa moja kwenye mkopo. Bei ya mwenyewe kumuuzia jirani si bei ya dalali.

Jumamosi nilimkuta mjukuu juu ya stuli, anakwangua ukuta kwa panga bovu. Alikuwa ameshaondoa HAIUZWI, amefika HII. Babu yake alikuwa chini na kopo la rangi, akimwambia asikwangue yote, abakize NYUMBA. Mjukuu akauliza sasa ataandika nini mbele yake. Mzee akafikiri, kisha akamwambia afute hata hilo, aandike KIWANJA KINAUZWA, na chini yake namba ya simu ya baba yake, kwa herufi kubwa, ionekane mpaka barabarani.